Tulivyojificha Kilimani Lickey

Naishi Longbridge, katika nyumba mpya zilizojengwa palipokuwa na kiwanda cha magari. Kutoka mlangoni kwangu hadi vilima vya Lickey ni mwendo wa dakika arobaini ukitembea bila haraka. Mwaka wangu wa kwanza huku nilikuwa naenda kila nilipopata siku ya mapumziko. Nafanya kazi ya kea, naosha na kulisha wazee majumbani mwao, na kutwa nzima niko kwenye vyumba vya joto ambavyo madirisha yake hayafunguliwi. Kwa hiyo nilipopanda kile kilima, nikapita msituni, nikatokea juu kwenye nyasi na kuona Birmingham yote mbele yangu, nilihisi ndiyo kwanza nimepumua wiki hiyo. Nilikaa kwenye benchi na chai yangu ya themosi mpaka baridi inifukuze.

Habari hizi nilimsimulia mama mmoja wa kanisani kwetu. Alitoka mashariki ya Kongo, mwanamke mrefu wa miaka hamsini na kitu, mkimya, anayeishi Sparkhill na watoto wake wawili ambao siku hizi ni watu wazima. Mimi nilimwita Mama. Yeye aliniita dada, ingawa angeweza kunizaa. Sote tulijua alikuja kama mkimbizi, ila hakuwahi kueleza zaidi ya hapo na hakuna aliyemuuliza. Jumapili hiyo, tukinywa chai baada ya ibada, alisema angependa twende pamoja.

"Miaka sita niko hapa," alisema, "na sijaona huu mji yote mara moja."

Tukapanga siku. Nilimweleza juu ya kilele na benchi na majengo ya katikati ya mji yanavyoonekana madogo. Miti sikuitaja. Kwangu miti ilikuwa kitu cha kupita tu.

Alikuja asubuhi ya Novemba kwa mabasi mawili, amevaa koti lake la kanisani na viatu vya ngozi vya kisigino kifupi. Kulikuwa na ukungu. Nikamwambia utaondoka kabla hatujafika juu. Tulipofika mwanzo wa msitu alisimama. Aliuliza kama hakuna njia nyingine. Nikamjibu kwamba iko ya lami, lakini inazunguka mbali. Akaitazama ile miti kwa muda, kisha akanishika mkono juu ya kiwiko, akasema twende.

Ndani kulikuwa kimya, matone tu yakidondoka kutoka kwenye majani. Mama alikuwa akigeuka nyuma kila baada ya hatua chache. Alinitaka nipunguze sauti. Baadaye kidogo alinitaka nizime simu. Nilicheka, nikamtazama, nikaona yeye hacheki. Nikaizima. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuogopa, bila kujua naogopa nini.

Ukungu ulizidi. Mahali kijia kinapogawanyika nilishika upande usio wangu, na nilipogundua nilinyamaza, maana sikutaka ajue kwamba tumepotea. Tukiwa hapo tukasikia matawi yakivunjika chini yetu, halafu sauti ya mwanamume ikiita neno moja fupi, mara ya pili, mara ya tatu. Akapiga mluzi.

Mama alinivuta kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Tuliangukia kwenye majani marefu yaliyokauka, nyuma ya mti uliolala, akanilaza kifudifudi na kunifunika mdomo kwa kiganja chake. Kilinuka sabuni na kitunguu. Akili yangu ilijua kabisa kwamba yule ni Mwingereza anayemtafuta mbwa wake. Nilishakutana na watu kama yeye mara nyingi mno kwenye kilima hiki, wakanisalimu, tukapishana. Lakini mwili wangu ulikuwa umeamini mkono wa Mama.

Hatua zilikaribia, zikasimama.

"Bako bengi," Mama alininong'oneza sikioni. "Nyuma ya huyu bako bengine."

Nikatega sikio kuwasikia hao wengine, na niliwasikia. Kila tone lililoanguka lilikuwa mguu wa mtu. Nilihesabu watu kumi, kisha nikaacha kuhesabu. Nilikumbuka kwamba mwaka mzima nimepita hapa peke yangu, na kwamba hakuna mtu duniani aliyejua leo niko wapi.

Mbwa ndiye aliyetuona. Alitokea juu ya ule mti, wa kahawia, amelowa, akashuka na kunusa viatu vya Mama. Hakubweka. Mama alifumba macho. Kisha mwenyewe akafika, mzee mwembamba mwenye koti jekundu, na alipotuona alirudi nyuma hatua mbili kwa mshtuko. Aliuliza kama kuna aliyeumia. Nilitaka kumjibu lakini mdomo wangu ulikuwa bado umefunikwa, ikabidi nivibandue vidole vya Mama kimoja kimoja. Nikamwambia mwenzangu alishikwa na kizunguzungu. Alitutazama, majani yamejaa kwenye nywele zetu, na hakuuliza zaidi. Alimfunga mbwa kamba, akatuonyesha kijia kilipo, akasema anaweza kutusindikiza. Nikamshukuru, nikakataa. Akaenda zake akizungumza na mbwa kwa sauti kubwa, na hakuacha kuzungumza mpaka tulipokuwa hatumsikii tena. Nafikiri alifanya makusudi, ili tujue alipo.

Mama alipoketi niliona sketi yake imelowa, na siyo kwa umande. Nilivua jaketi langu nikampa, akajifunga nalo kiunoni. Alikaa akitazama kiganja chake.

"Tulitembea siku kumi na moja mu pori," alisema. "Nilikuwa na watoto watatu. Wa mwisho alikuwa mudogo, alikuwa analia. Nikamufunika kinywa hivi, ili basitusikie. Hivi hivi."

Akanionyesha. Watoto wake wa Sparkhill ni wawili. Nilimshika ule mkono na tukakaa hivyo mpaka baridi ikatuingia mifupani.

Nilisema turudi nyumbani. Akakataa, akasema tumekuja kuona mji. Tukapanda, yeye mbele safari hii, na huko juu hatukuona chochote. Ulikuwa weupe mtupu, na mngurumo wa magari mahali fulani chini. Aliniuliza Sparkhill ni upande gani. Nikanyoosha kidole kwenye ukungu, naye akasimama akitazama upande huo kwa muda mrefu. Tulirudi kwa njia ya lami.

Mama amerudi kule mara nyingi tangu siku hiyo. Kiangazi alienda na kina mama wa kanisani, akanitumia picha wakiwa kwenye benchi na mji wote nyuma yao, jua linawaka. Mimi nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza niliishia kwenye maegesho. Mara ya pili nilifika ukingo wa msitu, nikasikia mtu akimwita mbwa, na kabla sijafikiri nilikuwa nimegeuka na kushika njia, karibu nakimbia, hadi nikafika kwenye maduka ya Longbridge. Nilijua ni mbwa. Kujua hakukunisaidia.

Siku zangu za mapumziko sasa nakunywa chai dirishani. Mama aliniuliza mbona sionekani tena kilimani, nikasingizia kazi. Sidhani aliamini. Jumapili iliyopita alinishika mkono mlangoni mwa kanisa akasema atakuja kunichukua mwenyewe nyumbani, twende polepole kwa njia ya lami, hata kama inachukua siku nzima. Nikamwambia sawa. Siku bado hatujachagua.