Mzee Athanas Mbele ya Mabamba Matano

Ukimpelekea Mzee Athanas jiwe lililokatwa, usimharakishe. Mimi nilimharakisha siku ya kwanza, miaka minne iliyopita. Akalifunika jiwe langu kwa kitambaa, akaniuliza habari za kwetu Tanga mpaka chai ikaisha, ndipo akalifunua. Nilikasirika kweli. Baadaye nikaelewa kwamba alikuwa anasubiri nitulie.

Mimi ni nesi, naitwa Faudhia. Serikali ilinileta Mugumu nikiwa sina hata mtu wa kupiga naye soga, nikaanza kuokota mawe siku za mapumziko kama wenzangu wanavyofuga kuku. Fundi Nassib, mwenye mashine ya kukatia marumaru, ananikatia mabamba membamba, nami nayasugua kwa msasa mpaka yang'ae. Tuko watatu wenye wazimu huu, mimi na walimu wawili, na hakuna anayejua anasugua nini. Anayejua ni Mzee Athanas, mzaliwa wa Busawe. Alikata sampuli za miamba machimboni kwa miaka thelathini, akisimama nyuma ya wataalamu na kusikiliza. Cheti hana. Ana msumari, sumaku, siki kwenye kichupa cha dawa ya macho, na kioo cha kukuzia kinachoning'inia shingoni kwa uzi. Analilowesha bamba, analikwaruza, analigeuzageuza juani, kisha anakutajia jina lake au anakuambia hajui. Kwa kusema hajui hana aibu hata kidogo, na ndiyo maana namwamini.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba nilimkuta barazani kwake na Nassib, ambaye siku hiyo hakuwa na utani wowote. Alikuwa amepanga mabamba matano mezani. Pembeni yake alikaa mwanamke wa makamo, macho mekundu. Aliitwa Rhobi, mfanyabiashara mdogo wa Sirari.

"Mwambie nesi naye asikie," Mzee Athanas alimwambia Nassib.

Nassib alijikuna kichwa. Mama yake Rhobi alifariki mwaka jana, na kaka zake walipobomoa jiko la zamani ili wajenge nyumba ya bati, lilibaki jiwe la kusagia. Rhobi amepanga chumba kimoja, na jiwe lile hubebwa na wanaume wawili. Akamwomba Nassib akate upande wa juu tu, ule uliobonyea kwa kusagia, apate bamba la kubeba.

"Nikakata vizuri," Nassib alisema. "Sasa nikaona lina shimo katikati. Nikasema huyu mama amefiwa, nisimpe kitu kibovu. Nikalisawazisha, nikaling'arisha, bure kabisa. Nikaliweka na mabamba ya mteja mwingine. Asubuhi siyatambui."

"Shimo hilo ndilo nililolifuata!" Rhobi alisema. "Mikono ya mama ndiyo iliyolichimba."

Nilitaka kumzaba Nassib kofi. Kumbe mwenyewe alikuwa karibu kulia.

Mzee Athanas aliyalowesha yote matano. Alikwaruza, akaweka sumaku, akainamia na kioo chake kwa muda mrefu. Mwishowe akaketi.

"Yote graniti, mwanangu. Tena ya milima yetu hii hii, chembe ni zile zile. Naweza kukuambia yametoka wapi. La mama ni lipi, sijui."

"Basi baba, nichukue lolote nijidanganye?"

"Hapana. Usichukue lolote."

Alizungusha msumari vidoleni. Nilimhurumia. Mtu amesoma mawe maisha yake yote, na hili moja lenye maana kuliko yote linamshinda. Kisha akauliza, "Mama alikuwa anasaga nini?"

"Ulezi. Mtama kidogo."

"Na wewe mura," alimgeukia Nassib, "kijana wangu, ulisawazisha mpaka wapi?"

"Mpaka shimo likaisha, mzee. Lilipoisha tu nikaacha."

"Basi pale lilipoishia ndipo palipokuwa na kina zaidi. Jiwe lina nyufa, na unga huingia kwenye nyufa." Akanigeukia. "Nesi, ulezi una nini ndani?"

"Wanga," nilijibu, na papo hapo nikajipiga paji la uso. Watoto wa shule ya msingi wanaupima wanga kwa kipande cha muhogo, tone la iodini likiugeuza bluu! Kwenye mkoba wangu ninayo daima chupa ya iodini, maana msasa unanichuna vidole kila wiki.

Nilidondosha tone katikati ya kila bamba, nikalisambaza kwa pamba. La kwanza likabaki kahawia. La pili vile vile. La tatu nalo likawa kahawia. Kwenye la nne, kahawia ile ikaingia kwenye ufa mwembamba kama uzi, na ufa ukageuka bluu, halafu mweusi kama wino. La tano halikubadilika. Mzee Athanas aliinamia lile la nne, akavua kioo shingoni na kumpa Rhobi.

Rhobi aliuinamia ule ufa na kioo. Alipoinua uso alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka.

"Mimi ndiye niliyesaga mara ya mwisho," alisema. "Ulezi wa uji wake. Akaniita kutoka kitandani, 'Rhobi, hujapangusa jiwe.' Nikamwambia, 'Mama nimechoka, nitapangusa kesho.' Kesho yake hakuamka. Nikalichukia jiwe lile, sikuligusa tena."

Mzee Athanas alikuwa ameshika kitambaa, tayari kufuta iodini. Alikikunja taratibu, akakitia mfukoni.