Moto wa Mikono Miwili

Baba yangu alipotoka hospitali pale Tumbi baada ya kiharusi, alikuja kukaa kwangu Kibaha, na hapohapo akaanza kudai arudi kwake Marui. Mama alikwishafariki. Kule Marui, Kisarawe, baba aliishi peke yake, mikorosho nyuma ya nyumba, na jirani wa karibu yuko mbali kiasi cha mtu kuita mpaka sauti ikauke. Nilimkatalia. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala na mdomo umekwenda upande, na mimi nina tabia ya kusema neno na kulisimamia.

Alipewa mpira laini wa kuminya ili mkono uamke. Aliutazama, akamrushia paka. Mpira ni wa watoto, alisema, yeye ana wajukuu. Nikamwambia basi, siku atakayofanya kazi yoyote ya mikono miwili mbele ya macho yangu, kesho yake nitampeleka Marui. Nilisema kwa hasira, tena nikiwa na uhakika kwamba haiwezekani.

Adhana ya adhuhuri ikapita. Kisha akasema, "Niletee keke yangu."

Baba alikuwa fundi wa vitanda vya kamba, na matundu ya kupitishia kamba aliyatoboa kwa keke. Ni uta ambao kamba yake imezungushwa kwenye mti wenye ncha ya chuma. Ukivuta uta huku na huku, mti unazunguka. Mkono mmoja unavuta, mwingine unakandamiza mti kwa juu kwa kifuu cha nazi. Zamani, kiberiti kilipolowa shambani wakati wa masika, alikuwa akiondoa ule mti wenye ncha, anaweka kijiti kikavu mahali pake, na kupekecha moto kwenye kipande cha ubao laini.

"Unataka kutoboa nini?" nilimuuliza.

"Sitoboi. Napekecha moto. Kama hiyo si kazi ya mikono miwili, niambie mapema."

Binamu yangu aliileta keke kutoka Marui, pamoja na vijiti vya mti wa mkole vya kupekechea. Baba alivikagua kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto, akaagiza vianikwe juu ya banda la kuku, na akawa anavilinda kuliko mayai.

Mwanzoni ilikuwa aibu tupu. Uta aliuvuta kwa mkono wa kushoto, ambao maisha yake yote haukuwa na kazi zaidi ya kushikilia. Kifuu alikikandamiza kwa mkono wa kulia, nao ukateleza, kijiti kikaruka, kuku wakatawanyika. Jirani yangu, ambaye kwao ni wafugaji wa kaskazini na hutuletea maziwa, alisimama na ndoo yake kutazama.

"Shikamoo mzee. Sisi kwetu tunapekecha kwa viganja, tena watu wawili kwa zamu."

"Marahaba. Ndiyo maana mnachelewa kunywa chai."

Maneno yalitoka upande mmoja wa mdomo, lakini yalitoka.

Mimi nilikuwa nikifua pembeni. Nilimwona akigundua kwamba akiinama na kuegemeza kifua juu ya ule mkono mgonjwa, uzito wa mwili unafanya kazi ambayo vidole vimeigomea. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, niliwaza, na nikakasirika kwamba nilikuwa nimeanza kumwombea. Moshi ukawa unatokea. Kila ulipotokea alichoka, moshi ukaisha, naye akaigombeza keke kama mwanafunzi mvivu. Nilimwambia asiyekubali kushindwa si mshindani. Akaniambia nikapike.

Asubuhi moja hakuacha kuvuta uta. Moshi ulikuwa mzito, unga mweusi ukajaa kwenye pengo alilolichonga ubavuni mwa ubao, na alipoweka uta chini, ndani ya ule unga kulikuwa na kaa dogo jekundu. Akalimimina juu ya nyuzi za makumbi ya nazi. Akaliinamia, akapuliza.

Pumzi ilitokea pembeni. Mdomo uliokwenda upande haukuweza kuikusanya. Ilipita shavuni pamoja na mate. Akapuliza tena. Kaa likaanza kufifia. Hakunitazama wala hakuniita. Ningebaki tu kwenye beseni langu, lingezimika lenyewe, baba angekaa Kibaha, na hakuna ambaye angenilaumu, hata yeye. Nami nilitaka akae. Nilikuwa na hofu ya kupigiwa simu na watu wa Marui, kwamba wamemkuta.

Nilipiga magoti na mikono yangu ya povu, nikapuliza. Makumbi yakashika moto.

Nikamwambia ameshinda. Nitapanga nguo zake, na kesho asubuhi tutaondoka. Sikuwa namridhisha, nilikwishaanza kufikiria begi gani litatosha. Yeye alijifuta mate kwa kiganja cha kulia, polepole, na kiganja kikafika. Akautazama moto mpaka ukaanza kushuka.

"Na kule Marui," akauliza, "nani atanipulizia?"

Aliuliza kwa sauti yake ya kila siku, kama mtu anayetaka kujua bei ya sukari. Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nikiyangoja tangu atoke hospitali. Nilichukua beseni, nikaenda kuanika nguo upande wa pili wa nyumba, nikalia huko.