Nilivyokutwa Ringwani Wakati Niko Basel

Nawaomba msicheke mapema. Nawajua, mtaanza kucheka kabla sijafika penyewe, na hapo penyewe mkishachoka mtabaki mnanionea huruma, ambayo ni mbaya zaidi. Tarime nzima inasema inaijua habari hii, lakini inaijua vibaya: wengine wanasema nilifukuzwa uwanja wa ndege, wengine wanasema nilikutwa shambani nimevaa gauni la dada yangu. Gauni sikuvaa. Ila aibu niliipata, tena mbele za watu, na leo naisema mwenyewe ili angalau isemwe sawasawa.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, kama mnavyojua, na somo langu kubwa darasa la sita lilikuwa Bonde la Mto Rhine, bandari zake, viwanda vyake, na zaidi ya yote reli zake. Nilikuwa nachora treni ubao mzima, behewa kwa behewa, halafu napiga honi kwa mdomo (ndiyo, mtu mzima, mbele ya watoto hamsini na kitu), na watoto wanapiga miguu chini kama magurudumu mpaka Mwalimu Mkuu anakuja kuchungulia dirishani. Nilizungumzia treni kama mtu aliyezaliwa stesheni. Na mkoa wetu, kama mnavyojua tena, hauna reli hata ya kuchezea.

Sasa ilikuwa miaka ile ya dhahabu, ukitafuta fundi wa kukupigia bati humpati, ukitafuta mtu wa kukuchimbia choo humpati, wote wako machimboni. Mke wangu Wankuru alikuwa anauza chai na chapati huko kwenye mashimo, na vijana wakiishiwa walikuwa wanamwachia kiroba cha mawe badala ya pesa, yeye anaviweka tu nyuma ya jiko kama watu wanavyoweka kuni. Siku moja akavipeleka karasha, kwenye mashine ya kusagia mawe, vikasagwa, na kimoja kati ya hivyo viroba, ambacho mimi nilikuwa nakikalia kila jioni nikinywa chai, kikatoa dhahabu. Siyo dhahabu ya kununua ghorofa, lakini ya kutosha kuezeka nyumba upya na kubaki na kitu. Wankuru akaniangalia, akasema, "Nenda basi ukazione hizo treni zako, utuache sisi tupumue."

Mngekuwa ninyi mngefanya nini? Mimi nilikimbia.

Nilikimbilia dukani kwa Hamisi, pale karibu na stendi, ambaye wakati huo ndiye alikuwa na kompyuta ya mtandao na kadi ya benki ya kulipia vitu vya nje. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba kuna pasi ya treni kwa watalii, ukiwa nayo unapanda treni yoyote unayotaka katika nchi kadhaa kwa siku ishirini na moja, unashuka unapotaka, unapanda tena, hakuna wa kukuuliza, lakini lazima uinunue kabla hujaondoka kwenu. Hayo maneno, "kabla hujaondoka", ndiyo yaliyoniponza. Nikaona nikichelewa dakika moja wataziuza zote. Pasipoti sikuwa nayo, viza ndiyo kabisa (viza nilidhani ni kama tiketi ya basi la Musoma, unafika dirishani, unaandikiwa, unaondoka), lakini pasi ya treni, hiyo niliitaka siku hiyohiyo.

Hamisi akawa anajaza fomu, mimi nimesimama nyuma yake. Akauliza, "Jina la kwanza?"

Nikasema, "Mwalimu."

Akageuka. "Mwalimu, hilo ni jina?"

"Hamisi, hapa mjini kuna mtu ananiita jina lingine?"

Akafikiri kidogo, akasema, "Kweli hakuna," akaandika. Jina la ukoo nikampa Marwa, na wiki chache baadaye ikaja bahasha ya posta kutoka mbali, ndani yake kikaratasi kizuri chenye maua maua, kimeandikwa kwa herufi kubwa MWALIMU MARWA. Nililala nacho chini ya mto.

Pasipoti ilipotoka, ilitoka kama cheti cha kuzaliwa kinavyosema: Josephat Marwa Chacha. Niliona kwamba jina halifanani na lile la kwenye pasi. Niliona vizuri kabisa. Nikajiambia Wazungu ni watu wa akili, wataelewa.

Kuniaga kukafanyika shuleni, na hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Wazazi walileta kuku, kwaya iliimba, Mwalimu Mkuu, Mama Nyangi, akatoa hotuba, na mimi nikaiweka pasi yangu kwenye sinia ikapitishwa mkono kwa mkono, mzee mmoja kutoka Susuni akainusa. Halafu nikawaachia darasa la sita ratiba ya safari, siku kwa siku, mji kwa mji, pamoja na Basel kando ya Mto Rhine, ikianza siku kumi baada ya kuondoka kwangu, maana hizo kumi nilizitenga kwa viza na ndege Dar es Salaam, wakabandika ramani ukutani ili kila asubuhi mtoto mmoja achomeke kijiti mahali nilipo. Kazi ya kijiti ilipewa msichana mmoja, Ghati, aliyekuwa hodari wa ramani kuliko mimi, ingawa sikuwahi kumwambia.

Nikaenda Dar es Salaam. Ubalozini, nilikokwenda kuomba viza, dada wa dirishani alipokea makaratasi yangu kwa adabu, akaiangalia pasi, akaiangalia pasipoti, akarudia.

"Huyu Mwalimu ni nani?"

"Ni mimi."

"Wewe unaitwa Josephat."

"Josephat ndiye Mwalimu."

"Marwa naye?"

"Ni mimi pia."

Akaandika kitu kirefu. Nikasubiri wiki nzima kwenye nyumba ya wageni, nikaitwa, nikapewa barua ya kukataliwa: nimeomba kusafiri kwa tiketi yenye jina la mtu mwingine, na haijulikani huyo mtu mwingine yuko wapi. Nilitamani kuwaambia hata mimi sijui. Nikauliza kama jina kwenye pasi linaweza kubadilishwa, wakanionyesha nyuma yake maandishi madogo kwamba halibadilishwi na pasi haihamishwi kwa mtu yeyote. (Nilikuwa nimelala nayo mwezi mzima, nyuma sikuwahi kusoma.)

Hapo mtu mwenye akili anarudi nyumbani, anasema jamani imeshindikana, watu wanampa pole, wiki ya pili wamesahau. Lakini mimi ndani ya basi nilikuwa naliona lile sinia, naona wale kuku ambao tulishawala, na basi lilivyokuwa linakaribia Mara nikaona siwezi kushuka Tarime. Nikashuka njiani nikadandia gari la Mugumu, na kutoka Mugumu nikaenda Ringwani kwa dada yangu Bhoke, ambaye ni mkubwa wangu na ana shamba mbali na barabara. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: nikae siku zangu ishirini na moja, nirudi Tarime nimekonda kidogo, niseme Ulaya ni baridi. Wankuru nilikuwa nimeshamwambia kwamba simu za kutoka kule ni ghali, asiwe na wasiwasi nikinyamaza.

Bhoke alinisikiliza mpaka mwisho, hakucheka, akaingia ndani akatoka na mabuti ya mume wake na jembe. "Mura, mdogo wangu," akasema, "Ulaya wanapalilia ulezi mapema. Amka saa kumi na moja."

Nilipalilia. Mikono ilitoka malengelenge, mgongo ukakataa kunyooka, na kila asubuhi nilijua niko wapi kwa ratiba: siku ya tatu niko kwenye mahandaki ya milimani, siku ya tano napanda kando ya ziwa, na kumbe niko nyuma ya ng'ombe. Ningebaki hapo shambani mambo yangepita. Lakini siku ya saba akapita mwalimu mkuu wa shule ya pale, mzee mmoja mpole, amesikia kwa Bhoke kuna mgeni mwalimu, akanisalimia akasema wao mwalimu wa jiografia yuko likizo ya uzazi, na wana ugeni wa mashindano ya maswali na mpira na shule moja ya Tarime, je, naweza kuwatungia maswali? Tarime ina shule nyingi. Na mimi mtu akinisifia kidogo tu nimekwisha. Nikatunga maswali arobaini, nikakubali na kuyasoma.

Siku ya mashindano, siku ya kumi na moja kwa ratiba yangu, nimesimama pale uwanjani na mabuti yangu na chaki mfukoni, nikaona lori linakuja limejaa watoto wanaimba. Wimbo niliufahamu. Halafu nikaona sweta za kijani za shule yangu.

Sikufikiri. Nilitembea haraka (sikukimbia, mwalimu hakimbii mbele ya wanafunzi) mpaka chooni, nikafunga mlango wa bati, nikaushikilia, maana komeo hakuna. Nikasema nitakaa humu mpaka waanze mpira, nitoke nyuma, nipite kwenye mahindi. Lilikuwa wazo zuri, ila nilisahau kitu kimoja ambacho mwalimu yeyote anapaswa kukijua: watoto waliokaa kwenye lori kwa saa tatu wakishuka wanakimbilia wapi?

Nilisikia vishindo vya miguu kama ng'ombe waliofunguliwa zizini. Wakapanga mstari. Mlango ukagongwa.

"Hodi! Kuna mtu?"

Nikafanya sauti ya kibibi. "Kuna mtu."

Nje wakanong'ona. "Ni bibi." "Bibi anaumwa?" Mtoto mmoja mwenye huruma akasema, "Pole bibi, shikamoo." Nikaitikia marahaba, ningefanyaje.

Sasa yule mwalimu mkuu mpole wa Ringwani, Mungu amweke, akaanza kunitafuta. Sauti yake ilikuwa ndogo siku zote, lakini siku hiyo sijui aliitoa wapi. "Mwalimu Marwa! Jamani, Mwalimu Marwa yuko wapi? Maswali anayo yeye! Mwalimu Marwa wa jiografia!"

Hapo nikasikia sauti moja ninayoijua, imesogea karibu kabisa na bati.

"Mwalimu?"

Nikaachia mlango. Ghati alikuwa amesimama mbele, akaniangalia kuanzia mabuti mpaka kichwani, polepole kama anasoma ramani, na wala hakuwa ananicheka, afadhali angenicheka. Akasema, "Mwalimu, leo asubuhi nimechomeka kijiti. Uko Basel."

Watoto wote wakageukia upande wa lori, kana kwamba labda Basel ilikuwa huko nyuma. Mama Nyangi alikuwa anakuja taratibu, ameshika mkoba wake, akafika, akaangalia choo, akaniangalia mimi.

"Mwalimu Marwa," akasema, "nilidhani kule stesheni ni kubwa zaidi."

Na hapohapo kwenye lori akashuka mtu wa mwisho, aliyekuja kuwapikia watoto, amebeba sufuria kubwa ya wali wao: Wankuru. Akaweka sufuria chini, akajifuta mikono kwa kitenge, akanisogelea.

"Karibu kutoka Ulaya, Baba Robhi."

"Wankuru, nitakueleza..."

"Bhoke alishanieleza siku ya pili." Akaangalia viganja vyangu. "Nilitaka nione utafika siku ya ngapi. Na ulezi mmepalilia mpaka wapi?"

Basi, nilisimama mbele ya shule mbili, walimu, wazazi, na wanakijiji wa Ringwani waliokuja kuangalia mpira wakakuta kitu kizuri zaidi, nikasema yote: pasi, jina, barua ya ubalozi, malengelenge. Watu wazima walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Watoto wangu wa darasa la sita hawakucheka. Ghati akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Mwalimu, kwani wewe umewahi kupanda treni?"

Hilo ndilo lilikuwa swali gumu kuliko yale arobaini niliyotunga. Nikasema, "Hapana, Ghati. Sijawahi hata kuiona."

Akafikiri. "Hata sisi," akasema, akakaa.

Mpaka leo sijui kwa nini hilo liliniuma na kunifariji kwa wakati mmoja. Niliwafundisha watoto wale miaka yote nikijifanya najua mlio wa treni, na wao walikuwa tayari kunipenda hata bila treni. Nikawaomba radhi, siyo ile ya kusema haraka haraka, nikamwomba na Wankuru mbele ya watu, akasema, "Umesikika, sasa soma maswali, watoto wana njaa." Shule yangu ilishindwa kwa alama mbili, kwa maswali yangu mwenyewe, na Mama Nyangi akasema hilo ataliandika kwenye faili.

Waendesha bodaboda pale stendi mpaka leo wakiniona wananiita, "Basel, twende?" Nimezoea. Wakati mwingine naitikia.

Tangu siku hiyo, fomu yoyote naisoma mbele na nyuma, jina naandika lile alilonipa padri, na sinunui kitu cha safari kabla ya ruhusa ya safari. Lakini kubwa nililojiapia ni hili la kuaga: kuku wa watu sili tena, hotuba sitaki, ratiba simwachii mtu. Mwezi uliopita niliitwa semina Musoma siku mbili. Nilikwenda kimya, nikarudi kimya, nikabadilisha shati, ndipo nikatoka kuwazungukia majirani kuwaaga. Mmoja akaniuliza, "Unaondoka lini, Mwalimu?"

Nikamwambia, "Nimesharudi."