Usubi Ulivyonivua Kanzu Ukweni

Niseme mapema: kosa lilikuwa langu. Enzi hizo za Mdachi, kabla reli haijafika Dodoma, kutoka kwetu Kondoa hadi huko ulikwenda kwa miguu siku sita, saba ukiwa na mjomba mnene. Wangu alikuwa mnene. Alikuwa akinipeleka kuoa binti ambaye nilikuwa sijapata kumwona wala kuisikia sauti yake, na ndoa ilikwisha pangwa Ijumaa.

Jioni ya mwisho tulifikia kwa mfugaji mmoja wa Kigogo, kando ya mto uliobaki mchanga mtupu. Akatuonya kuhusu usubi, vijidudu vidogo kuliko mbu ambavyo huvisikii mpaka vimekwisha kunywa.

"Laleni juu ya paa la tembe, wageni wangu. Kule juu upepo upo, usubi hauna nguvu ya kuruka penye upepo. Hapa chini tunachoma mavi ya ng'ombe, moshi unaufukuza. Uso na mikono, pakeni samli."

Mjomba akakubali yote matatu. Tukamsukuma makalio hadi akafika juu ya paa, anang'aa samli mpaka masikioni. Mimi nikagoma. Ninuke moshi wa mavi mbele ya wakwe? Nikatandika mkeka mchangani, kanzu mwilini, nikajiona mstaarabu sana.

Kulipokucha, jicho moja lilifunguka, la pili likakataa. Mwenyeji wetu hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Aliniletea maji ya baridi ninawe, akanipaka samli kwa mkono wake, akasema jambo moja tu: nisijikune. Nilijikuna hadi Dodoma.

Sasa, msimu ule ndui ilikuwa vijijini. Jumbe wa mji alikwisha tangaza kwamba mwenye vipele apelekwe kwenye kibanda nje ya mji mpaka magamba yadondoke, na atakayemficha atakula viboko hamsa ishirini. Baba mkwe aliponiona tu akainua fimbo.

"Simama hapo hapo!"

"Ni usubi, wallahi," mjomba akasema.

"Mbona wewe hukuumwa?"

Mjomba alinitazama kwa huruma, kisha akaniuza. "Mpwa wangu aliogopa kunuka."

Niliogopa kweli, lakini si kunuka tena. Watu walikuwa wakiingia kibandani na upele wa kawaida, wakaipatia ndui humo humo, na wengine hawakutoka. Hata ningetoka, Ijumaa yangu ingekuwa imepita, na hakuna baba anayemweka binti yake akimngojea mtu wa kibandani. Nikaanza kulia, na machozi yakaziwasha zile alama upya, nikajikuna mbele yao wote.

Aliyeniokoa, au kuniaibisha, ni mama mkwe, akiwa nyuma ya ua. "Ndui haijali nguo," akasema. "Mwambie avue tuone tumbo."

Mama mkwe! Mtu ambaye kwa desturi zetu hakupaswa kuona hata goti langu. Baba mkwe akaamuru wanawake wote wageukie ukutani. Nikavua kanzu, nikabaki na kikoi, nimesimama juani mchana kweupe mbele ya nyumba ninayotaka kuoa. Vipele vilijaa usoni, shingoni, mikononi na kwenye vifundo vya miguu. Ilipoanzia kanzu, ngozi ilikuwa laini kabisa.

Baba mkwe akachungulia kwa mbali, fimbo mbele. "Tumbo safi," akatangaza.

Nikashusha pumzi, nikainama kuokota kanzu yangu. Ndipo sauti ya msichana ikatoka ndani, pale pale ambapo wanawake wote, kama tulivyohakikishiwa, walikuwa wakitazama ukuta.

"Na mgongo je, Baba? Mgeuzeni."

Hakuna aliyehitaji kuniambia ni nani. Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya mke wangu niliyopata kuyasikia. Nikaiacha kanzu chini, nikageuka mwenyewe, taratibu, ili aone vizuri.