Mchuzi Ulioonjwa Mchana wa Ramadhani

Sifa zote ni za Mola, anayetusitiri hata tusipojisitiri.

Ramadhani iliyopita, hapa Ziwani ninakofundisha dini, nilimwona mke wangu Somoe akifuta midomo kando ya chungu. Nikamshuku. Nikachungua daftari lake la mapishi: “Onja mchuzi, kisha ongeza tui.”

Nikamkabili mbele ya jirani yetu, Bi Zuhura. “Somoe, kumbe unakula mchana?”

“Mwalimu, daftari lisilosema lini uonje litamfaa mpishi gani? Geuza ukurasa.”

“Na usome kwa sauti,” akachombeza Bi Zuhura.

Nikasoma: “Kuonja kwa ncha ya ulimi, kisha ukatema, hakubatilishi saumu.”

Mwandiko ulikuwa wangu. Niliwaandikia mwenyewe, yeye na wanawake wenzake, nilipowafundisha hukumu za saumu darasani.

Msomaji, Mungu akujaalie mchuzi uliokolea na dhana njema.