Karatasi ya Nesi Verla

Verla Obermeyer alikuwa na miaka hamsini na miwili, na mtihani ulimtia kiwewe kama mtoto wa darasa la kwanza. Alikuwa nesi pekee wa shule tatu za mji mmoja mdogo wa Nebraska, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyemuuliza cheti cha unesi wa shule. Sasa bodi ya shule imeamka: asiyekuwa nacho ifikapo Juni, aage kazi. Mara ya kwanza alifeli kwa alama nne. Hii ndiyo nafasi ya mwisho.

Kusoma atasoma saa ngapi? Kitabu kilikaa wazi mezani na watoto wakapanga foleni: huyu tumbo, huyu jino, yule hana lolote ila kalikimbia somo la hesabu. Ukurasa mmoja ulimla siku mbili.

Siku ya mtihani hakupatikana nesi wa kumshikia zamu, na Brynlee, msichana wa miaka minane mwenye kisukari, lazima apimwe na achomwe sindano kabla ya chakula cha mchana. Basi Verla akamfundisha karani, Jolene Kratz, kwa kudunga chungwa.

"Chungwa halipigi mateke," Jolene alilalamika.

"Wewe fuata karatasi tu, mwenzangu. Nimeandika kila kitu."

Karatasi ilisema: saa sita kamili mpime, mchome, ndipo ale. Asionje kitu kabla.

Chumba cha mtihani kilikuwa mwendo wa saa mbili kwa gari, na simu zilifungiwa kabatini. Swali la thelathini na moja liliuliza: mtoto mwenye kisukari akikataa kupimwa, aliyeachiwa zamu aelekezwe afanye nini? Verla alilijua jibu kama jina lake: asiachwe na njaa, maana sindano ya asubuhi bado inashusha sukari; akitetemeka apewe juisi papo hapo. Akatia alama. Kisha akaikumbuka karatasi ya Jolene. Hilo hakuliandika. Brynlee hakuwahi kumkatalia yeye, basi halikumjia kabisa.

Saa sita na dakika kumi. Akanyoosha mkono.

"Ukitoka kupiga simu, mama, mtihani wako umekwisha," msimamizi alimwambia kwa sauti ya chini.

"Dakika moja tu, dada. Nakuomba."

"Sheria sikuitunga mimi."

Akakaa. Msimlaumu, hata mimi ningekaa. Pengine mtoto amekubali, pengine anakula saa hii. Alijibu maswali manne bila kujua anajibu nini, kisha akainuka, akachukua simu yake kabatini, akatoka.

Simu ya shule iliita mpaka ikakatika. Mara ya nne Jolene akapokea, analia.

"Amegoma, Verla. Anasema wewe tu. Nikamwambia hakuna sindano, hakuna kula. Kaomba maziwa nikamnyima. Alikuwa anatetemeka, mimi nikadhani ni hasira."

"Yuko wapi?"

"Ndani ya gari la wagonjwa, ndiyo kwanza linatoka getini. Anapumua, ila tukimwita haitiki."

Verla alisimama ukumbini na funguo za gari mkononi. Saa mbili za barabara.

"Sikuruka hata mstari mmoja," Jolene alisema. "Nakuapia, hata mmoja."

"Najua," Verla akajibu.