Kiungo Aliyeomba Mpira Tena

Jumanne asubuhi binti mkubwa wa rafiki yangu alinipigia simu. Alinisalimu kwa heshima, kisha akasema: "Papa, baba yetu alishatuacha. Ilikuwa moyo. Tulimufikisha ku lopitalo, lakini badokta habakuweza." Wasomaji wa safu hii hawakumjua marehemu, kwa kuwa hakuwahi kutafuta kujulikana. Alikuwa mwalimu wa hisabati katika shule moja ya sekondari hapa Lubumbashi. Kabla ya hapo, tulipokuwa wanafunzi wa chuo kikuu kule Kasapa, alikuwa kiungo wa timu ya kitivo chetu, nami nilikuwa beki wa kati. Viungo wengine niliocheza nao nakumbuka migongo yao tu. Yeye nakumbuka uso wake, kwa sababu kila nilipopata mpira alikuwa ameshageuka kunitazama.

Wakati huo beki mzuri alikuwa yule anayebutua mpira juu kabisa, na kadiri ulivyokwenda mbali ndivyo makofi yalivyozidi. Rafiki yangu hakupenda jambo hilo. Alisema tunawapa wapinzani mpira kisha tunashangaa wakirudi nao. Yeye alitaka tuanze nyuma, kwa pasi fupi, kipa ampe beki, beki ampe yeye. Kabla mpira haujamfikia alikuwa ameshatazama bega la kushoto na la kulia, akasimama kiubavu ili auone uwanja wote, hivyo alijua utakwenda wapi kabla hajaugusa. Mazoezini jambo hilo lilionekana jepesi. Siku ya nusu fainali, watu wakiwa wamejaa pembeni, nilisahau yote. Kipindi chote cha kwanza nilibutua, na mipira ikapita juu ya kichwa chake. Wakati wa mapumziko alinifuata nilipokuwa nikinywa maji.

"Weye unaniogopea miye, ao unajiogopea?"

"Naogopa tu," nikamjibu.

"Basi unipatie mupira. Nitaogopa pa nafasi yako."

Kipindi cha pili nilimpa. Ilikuwa pasi mbaya, ya polepole, nyuma kidogo ya mguu wake. Mshambuliaji wao alikuwa anakuja kwa kasi upande asioweza kuuona; mimi nilimwona, na sikupaza sauti kumwonya. Akanyang'anywa mpira, likawa goli. Watu walimzomea kwa jina lake. Mpira uliponirudia nikainua macho kutafuta wa kumpa, nikawaona wenzangu wote wamejibanza nyuma ya wapinzani, kila mmoja akijifanya yuko mbali na shughuli hii. Yeye peke yake alikuwa anakuja kwangu, mikono wazi, watu wakiendelea kuzomea. "Leta!" akasema. "Patia miye!" Niliubutua nje ya uwanja.

Tulifungwa kwa goli lile moja. Kocha akatuweka pamoja akauliza nani aliyepoteza mpira. Rafiki yangu akainua mkono. Akaambiwa hatacheza tena mpaka msimu uishe, na ndivyo ilivyokuwa, ingawa hakukosa mazoezi hata siku moja. Hakuna aliyeuliza mpira ulimfikaje, nami sikusema.

Niliubeba ukimya ule miaka mingi, tukiwa marafiki, tukialikana harusini na ubatizoni. Mwaka jana tulisimama Jumapili moja kando ya uwanja wa vumbi upande wa Luano, tukitazama timu mbili za mtaani. Siku hizi kila timu imeona kwenye televisheni namna wakubwa wanavyoanzia nyuma, na zote zinaiga. Kipa alimpa beki pasi fupi, beki akatazama mbele akakosa mtu, akanyang'anywa, goli. Kocha wao akamtukana beki. Rafiki yangu akatikisa kichwa. "Banaiga pasi ya kipa," akasema. "Lakini tazama ba milieu," akaongeza, akinionyesha viungo, "bote banajificha. Beki atapatia nani?" Nadhani ni neno hilo la kujificha lililonifungua mdomo. Nikamwambia habari ya pasi yangu, na mshambuliaji niliyemwona nikanyamaza. Alinisikiliza bila kuondoa macho uwanjani.

"Nilijua," akasema. "Pasi yako ilikuwa mubaya sana, ndugu. Lakini ni miye niliiomba."

Akacheka, akanishika bega, na tukaendelea kutazama mechi. Sikupata usingizi mzuri kwa siku kadhaa. Ningefarijika zaidi kama angenikasirikia.

Kilioni, tulipokusanyika kumwomboleza, nilikaa karibu na mwalimu mwenzake, mama mmoja wa makamo, akanisimulia jambo ambalo marehemu hakunieleza kamwe. Kuna mwaka alifundisha kanuni moja kimakosa, na darasa zima likaanguka katika swali la mtihani lililohusu kanuni hiyo. Walimu wengine walimshauri anyamaze, maana wazazi wangelaumu waliotunga mtihani. Aliitisha wazazi mwenyewe. "Alisimama mbele yetu," mama yule alisema, "akaambia bazazi: batoto benu habakukosa, ni miye nilikosa. Bakamusemea maneno makali. Kesho yake, saa moja asubui, iko pa ubao, anafundisha tena ile kanuni."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikizitazama ofisi zetu kama ninavyotazama uwanja. Tatizo likifika mezani, mtu analibutua kwa mwenzake, wa pili kwa wa tatu, na mwananchi aliyeketi kwenye benchi tangu asubuhi anaambiwa arudi wiki ijayo. Tunalalamika kwamba hatuna watu wanaojitolea kupokea mambo magumu. Tunao. Huzaliwa katika kila mtaa wa mji huu, hujitokeza mara moja, hupoteza mpira kama kila binadamu anavyopoteza, na kinachofuata wengine wote wanakiona. Makocha wanaotaka kucheza kuanzia nyuma hutumia wiki nzima kumfundisha kipa pasi fupi. Nawashauri watenge siku moja ya kukubaliana watamfanyia nini kiungo wao akinyang'anywa mpira na goli likaingia, kwa sababu wachezaji kumi waliobaki watakuwa wanatazama, na hapo ndipo kila mmoja ataamua asimame wapi.